Katrina 2005: ni rangi au ni umaskini?

Tafiti_Taratibu

Wakuu, habari zenu. Kuna hoja inanisumbua kuhusu kimbunga Katrina, kile kilichotua Louisiana asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005 na kuzamisha takribani asilimia 80 ya jiji la New Orleans. Kila mjadala unaishia pale pale. Hawa wanasema serikali ilijivuta kwa sababu waliokwama walikuwa weusi. Wale wanasema waliokwama walikuwa maskini tu, kimbunga hakichagui rangi.

Sensa ya 2000 ilihesabu watu 484,674 jijini, karibu asilimia 67 weusi, na zaidi ya robo ya wakazi waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kwa hiyo rangi na umaskini vilikuwa vimekaa nyumba moja tangu kabla ya upepo.

Naomba wenye kuijua mada wanisaidie: takwimu za maoni zinasema nini hasa, na zisomwe vipi bila kudanganyika? Ucheleweshaji wenyewe ulitokea hatua gani? Na je, inawezekana kitaalamu kuutenga umaskini na rangi, au swali lenyewe limekaa vibaya?

---

HesabuZaWatu

Nijibu la kwanza. Anza na utafiti wa maoni wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliofanyika tarehe 6 na 7 Septemba 2005, yaani wiki moja tu baada ya maji kuingia. Asilimia 66 ya weusi walisema serikali ingechukua hatua haraka zaidi kama wengi wa waathirika wangekuwa Wazungu. Kwa Wazungu waliosema hivyo ni asilimia 17, na asilimia 77 walisema isingebadilisha chochote. Asilimia 71 ya weusi walisema janga limeonyesha kwamba tofauti za kirangi bado ni tatizo kubwa nchini. Wazungu wengi, asilimia 56, walisema hilo si funzo la maana la tukio hili. Gallup, kampuni ya kura za maoni, walipouliza siku chache baadaye walipata mpasuko uleule: weusi 6 kati ya 10 walitaja rangi kuwa sababu ya ucheleweshaji, Wazungu ni 1 kati ya 8.

Sasa namna ya kusoma. Swali la Pew halimuulizi mtu alichokiona, linamuuliza kuhusu jambo ambalo halikutokea: "kama wangekuwa Wazungu". Hakuna anayeweza kulijibu kwa kuangalia picha za televisheni peke yake. Mhojiwa anavuta uzoefu wake wote na polisi, shule, mahakama na ofisi za serikali, kisha anakadiria. Ndiyo maana jibu la swali hili linapima imani kwa serikali iliyojengeka miaka mingi kuliko linavyopima utendaji wa wiki ile. Mtu akikwambia asilimia 66 "inathibitisha" ubaguzi, au asilimia 77 "inathibitisha" kwamba haukuwepo, wote wawili wanaipa takwimu hiyo kazi isiyoiweza.

Jambo la pili ni ukubwa wa sampuli. Ukichukua Wamarekani 1,000 bila mpangilio maalumu unapata weusi kama 120, na kosa la makadirio kwao linafika takribani asilimia 9 juu au chini. Kwa hiyo watafiti huongeza wahojiwa weusi kwa makusudi, halafu hurekebisha uzito kwenye jumla. Pew walifanya hivyo. Kwa pengo la 66 dhidi ya 17, kosa hilo halibadilishi hadithi. Lakini ukitaka kuwagawa weusi hao kwa kipato unabaki na vikundi vya watu 30 au 40, na kosa linaruka hadi asilimia 16 au zaidi. Hapo ndipo watu wengi wanaozungumzia "weusi matajiri dhidi ya weusi maskini" wanapoanguka. Wanasoma kelele wakidhani ni ishara.

La tatu: wakati. Tarehe 2 Septemba, katika matangazo ya moja kwa moja ya kuchangisha fedha, mwanamuziki Kanye West alitamka hadharani kwamba Rais Bush hajali watu weusi. Siku nne baadaye simu za Pew zikaanza kuita. Swali la rangi halikuwakuta watu wakiwa hawajalifikiria. Lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, na kila chama kilikwisha kuchukua upande.

Kuhusu chama, kuna jaribio la watafiti Malhotra na Kuo lililochapishwa 2008. Wahojiwa walipewa majina ya maofisa waliohusika na Katrina, wengine wakiambiwa chama cha kila ofisa, wengine cheo chake. Waliotajiwa chama walielekeza lawama kwa chama pinzani. Waliotajiwa cheo walipunguza ushabiki na kuangalia zaidi nani alikuwa na wajibu gani. Kwa hiyo ukitunga dodoso lako usiulize "serikali ilifanyaje". Uliza kando meya, gavana, FEMA (shirika la shirikisho la kushughulikia majanga), rais, na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi (waliosanifu kuta za kuzuia mafuriko). Neno "serikali" peke yake kila mhojiwa analijaza kwa sura anayoijua.

---

Tuta_na_Mfereji

Mimi niingie hatua zenyewe, maana lawama nyingi zinaelekezwa mlango usio wake.

Maji kwanza. Mifereji ya 17th Street na London Avenue ilikuwa na kuta za zege zilizosimamishwa juu ya mabamba ya chuma yaliyopigwa ardhini. Pale 17th Street maji hayakufika juu ya ukuta. Ukuta ulisukumwa, ufa ukafunguka upande wa maji kati ya ukuta na tuta, maji yakajaa ndani ya ufa, na tabaka la udongo laini chini yake likateleza. Huko ni kushindwa kwa usanifu, na Kikosi cha Wahandisi kilikiri kasoro hizo mwaka 2006. Mfereji wa Industrial ni kisa kingine: pale maji yalimwagika juu ya ukuta, yakachimba mtaro nyuma yake, ukuta ukakosa egemeo na kuangukia Lower Ninth Ward.

Maji ya 17th Street yaliingia Lakeview, mtaa wa Wazungu wa kipato cha kati. Ya Industrial yaliingia Lower Ninth Ward, karibu wote weusi. Kwa hatua hii pekee, anayesema kimbunga hakikuchagua ana hoja, japo si kamili, kwa sababu ardhi ya juu kando ya mto ilijengwa zamani na walioingia baadaye walisukumiwa mabondeni.

Ila usiyacheke madai kwamba matuta yalilipuliwa kwa makusudi. Ushahidi wa kihandisi hauyaungi mkono kwa 2005. Lakini mwaka 1927 tuta la Caernarvon, chini ya jiji, lililipuliwa kweli kwa baruti, kwa idhini ya serikali, ili kuinusuru New Orleans, na wakazi wa vijijini St. Bernard na Plaquemines wakazamishwa. Mtu ambaye babu yake alisimuliwa hayo hahitaji mchochezi ili aamini.

Hatua ya pili: kuhama. Meya Ray Nagin alitoa amri ya lazima ya kuhama asubuhi ya Jumapili tarehe 28 Agosti, chini ya saa 24 kabla kimbunga hakijatua. Kwa wenye magari mpango ulifanya kazi vizuri sana. Njia zote za barabara kuu ziligeuzwa kuelekea nje na zaidi ya watu milioni moja wa eneo lote waliondoka. Tatizo ni kwamba mpango mzima ulikuwa umejengwa juu ya gari. Kaya 27 kati ya 100 jijini hazikuwa na gari. Kwa kaya za weusi ilikuwa kama 35, kwa za Wazungu 15. Na angalia tarehe: mwisho wa mwezi. Malipo mengi ya pensheni na msaada huingia siku za mwanzo wa mwezi. Tarehe 28 familia inayoishi kwa malipo hayo haina hela ya mafuta, sembuse hoteli ya siku tatu. Kwa wasio na gari, jiji liliwapeleka Superdome, uwanja uliotangazwa kuwa kimbilio la mwisho, si kituo chenye chakula na vyoo vya siku nyingi. Ukumbi wa mikutano, Convention Center, haukupangwa kabisa. Watu wapatao 20,000 walikusanyika huko bila akiba yoyote ya chakula na maji.

Hatua ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Sheria ya misaada ya majanga ya 1988, Stafford Act, inafanya kazi kwa kuombwa: jiji linazidiwa, linaomba jimbo, jimbo linazidiwa, linaomba serikali ya shirikisho, na maombi yawe mahususi, kitu gani na kiasi gani. Utaratibu huo unafaa mafuriko ya kawaida. Ukiwa na jiji lisilo na simu, umeme wala polisi wa kutosha, nani ataandika ombi? Mpango wa taifa ulikuwa na kiambatisho cha maafa makubwa kinachoruhusu kusukuma misaada bila kungoja kuombwa. Hakikutumiwa. Waziri wa Usalama wa Ndani, Michael Chertoff, alilitangaza janga kuwa tukio la umuhimu wa kitaifa jioni ya tarehe 30, na tarehe 1 Septemba alisikika redioni akiwa bado hana habari za Convention Center ambazo watazamaji wa televisheni walikuwa nazo. Mabasi ambayo FEMA iliahidi yalianza kufika kwa wingi siku hiyo ya Alhamisi. Msafara wa Gadi ya Taifa (National Guard, askari wa akiba wa majimbo) wenye chakula uliingia Convention Center tarehe 2. Mkuu wa FEMA, Michael Brown, alijiuzulu tarehe 12.

Wakati huohuo Walinzi wa Pwani, nao serikali ya shirikisho, waliokoa watu zaidi ya 33,000. Wao makamanda wa eneo wana mamlaka ya kupeleka helikopta bila kungoja karatasi kutoka juu. Chombo kimoja cha serikali ileile kilikwenda mbio na kingine kikakwama mezani, kwa sababu ya kanuni ya nani anaruhusiwa kuanza.

---

Tafiti_Taratibu

Shukrani sana, hii ni darasa. Lakini Tuta_na_Mfereji, ukisema ni kanuni, si unampa ushindi yule anayesema rangi haikuhusika?

---

Tuta_na_Mfereji

Hapana. Chukua uvumi. Siku zile zilitangazwa habari za mamia ya maiti ndani ya Superdome, mauaji, watoto kubakwa, helikopta kupigwa risasi. Uwanja ulipokaguliwa zilikutwa maiti sita: wanne vifo vya kawaida, mmoja dawa za kulevya, mmoja anayedhaniwa kujiua. Uvumi ule ulikuwa na gharama inayohesabika. Jioni ya tarehe 31 Agosti meya aliwatoa polisi kama 1,500 kwenye uokoaji wakapambane na uporaji. Vikosi vya uokoaji na madereva wa mabasi walingojea kusindikizwa na silaha. Tarehe 1 Septemba polisi waliwazuia watu waliokuwa wakitoka jijini kwa miguu kupitia daraja la kwenda Gretna, mji jirani ng'ambo ya mto. Jiulize umati uleule ungekuwa wa rangi nyingine, je, uvumi ule ungeaminiwa upesi hivyo? Hapo rangi haikuwa kwenye karatasi ya kanuni. Ilikuwa kwenye nani anahesabiwa mwathirika na nani anahesabiwa tishio, na saa zilizopotea zilitokana na hesabu hiyo.

---

Hati_na_Ruzuku

Niongezee sehemu ambayo wengi huisahau kwa kuwa kamera zilikwisha kuondoka: fedha za kujenga upya. Ukitaka kuona rangi inavyopita ndani ya kanuni isiyoitaja rangi popote, soma fomula ya Road Home, mpango wa Louisiana wa kuwapa ruzuku wenye nyumba kwa fedha za shirikisho.

Ruzuku ilihesabiwa hivi: chukua thamani ya nyumba sokoni kabla ya kimbunga, chukua gharama ya kujenga upya, tumia iliyo ndogo, toa malipo ya bima na FEMA, na kikomo ni dola 150,000. Weka nyumba mbili za kubuni za ukubwa uleule, ujenzi uleule, kila moja inahitaji dola 150,000 kusimama tena, kila moja imelipwa bima dola 20,000. Ya kwanza iko mtaa wa weusi, soko linasema thamani yake ni 60,000. Ya pili iko mtaa wa Wazungu, thamani 140,000. Wa kwanza anapata ruzuku 40,000. Jumla na bima ana 60,000 na pengo la 90,000. Wa pili anapata 120,000; jumla 140,000, pengo 10,000. Mbao, saruji na fundi bei ni ileile kwa wote wawili. Huyu anarudi nyumbani, yule anabaki ukimbizini Houston, Texas, na kiwanja kinaota majani.

Bei ndogo ile ya soko haikuanguka kutoka mbinguni. Ni zao la miongo ya benki kukataa kukopesha kwenye mitaa ya weusi na ya makazi yaliyotengwa. Mashirika ya haki za makazi yalifungua kesi mwaka 2008; ikamalizwa 2011 kwa makubaliano ya dola milioni 62. Kulikuwa na ruzuku ya nyongeza kwa wenye kipato kidogo, lakini mwanzoni nayo ilikuwa na kikomo cha dola 50,000. Rudi kwenye mfano wangu uone: pengo la 90,000 bado halizibiki.

Kizuizi kingine ni hati. Nyumba nyingi za familia za weusi Kusini zimerithiwa bila mirathi kufunguliwa: hati bado ina jina la bibi aliyefariki, warithi wako kumi na wawili katika majimbo manne. Mkaguzi wa FEMA anakuja, anaona nyumba imeharibika kweli, lakini ombi linakataliwa kwa "umiliki haujathibitishwa". Mambo yaleyale yalijirudia Puerto Rico baada ya kimbunga Maria mwaka 2017. Ni mwaka 2021 ndipo FEMA ilipopanua aina za ushahidi inaoukubali, pamoja na tamko la mwombaji mwenyewe pale hati zisipopatikana. Na barua ya kukataliwa haikuwa mwisho: rufaa huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua. Lakini barua inatumwa kwenye anwani, na anwani iko chini ya maji.

Wapangaji sizungumzi sana, wao hawakuwa na Road Home. Desemba 2007 baraza la jiji lilipitisha kubomolewa kwa nyumba za umma zipatazo 4,500, nyingi zikiwa za matofali na zilizostahimili kimbunga kuliko nyumba za mbao. Sensa ya 2010 ikakuta weusi pungufu kwa zaidi ya 118,000 ukilinganisha na 2000.

Sasa swali lako la kutenga umaskini na rangi. Watu huweka kipato kwenye modeli ya takwimu, wanaona uzito wa rangi katika matokeo umepungua, wanatangaza "basi ni umaskini". Hapo wamekata njia ambayo rangi ilipitia kisha wakashangaa haipiti. Gari, thamani ya nyumba, hati na akiba ya benki si mambo yanayosimama kando ya rangi katika New Orleans. Ni vitu ambavyo rangi ilivigawa kabla. Howell na Elliott, utafiti wao wa 2018, walifuatilia mali za kaya zilezile kati ya 1999 na 2013 nchi nzima. Katika kaunti zilizopata hasara kubwa, mali za Wazungu ziliongezeka na za weusi zilipungua, na pale fedha za FEMA zilipokuwa nyingi zaidi pengo lilizidi kupanuka. Hilo linabaki hata ukilinganisha watu wa elimu na umiliki wa nyumba unaofanana. Kwa hiyo badala ya kuuliza "rangi au umaskini", chukua kila kanuni moja moja na uulize inahitaji mtu awe na nini ili imhudumie, na kitu hicho kiligawanywaje.

---

HesabuZaWatu

Nakubaliana na Hati_na_Ruzuku, na niongeze tahadhari mbili kabla hujaandika.

Ukitaka kujua kama rangi ya mwathirika inabadilisha huruma ya umma, utafiti wa maoni wa kawaida hautoshi. Unahitaji jaribio la kubadilisha picha huku maelezo yakibaki yaleyale. Watafiti Fong na Luttmer walifanya hivyo kuhusu Katrina, wakachapisha 2009. Matokeo hayakumridhisha shabiki wa upande wowote: kwa wastani rangi kwenye picha haikubadilisha kiasi cha fedha watu walichotoa. Lakini waliosema wanajisikia karibu zaidi na watu wa rangi yao walitoa zaidi kwa wa rangi yao, na wasiojisikia hivyo walielekea kinyume. Wastani ulificha makundi mawili yanayovutana. Ukiripoti wastani tu, utaandika "hakuna athari" na utakuwa umepotosha.

Ya pili ni vifo. Idadi ya 1,833 uliyoizoea ilitumika miaka mingi. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kiliirekebisha 2023 kuwa 1,392. Taja unatumia ipi. Na usiseme "wengi waliokufa walikuwa weusi" ukaishia hapo. Uchunguzi wa vifo vya Louisiana uliochapishwa 2008 ulikuta takribani nusu walikuwa weusi, na karibu nusu ya wote walikuwa na miaka 75 au zaidi, asilimia 40 wamekufa maji. Wakosoaji huishikilia ile nusu wakisema ni ndogo kuliko sehemu ya weusi jijini. Wanasahau mambo mawili: hesabu hiyo ni ya jimbo zima, na Wazungu wa eneo lile walikuwa na wazee wengi zaidi kwa uwiano. Ukilinganisha watu wazima wa umri uleule ndani ya Orleans peke yake (wilaya ambayo ndiyo jiji la New Orleans), kiwango cha vifo vya weusi kinakuwa mara 1.7 hadi 4 ya kile cha Wazungu. Kwa hiyo jedwali lako liwe na safu za umri kwanza, halafu rangi ndani ya kila umri, na liwe la Orleans, si la jimbo.